Mtoto wa Paka Afikapo Nyumba Mpya

Mtoto wa paka aletwaye nyumbani ili alinde mahindi dhidi ya panya aghalabu hujipenyeza nyuma ya magunia, hali, na usiku hulia. Wenyeji humvuta kwa nguvu wakimdhania mkaidi. Mlango ukiachwa wazi, hutoweka. Sababu ya mwenendo huo imo katika maumbile yake.

Paka wa kufugwa ametokana na paka-mwitu wa Afrika, Felis lybica, ambaye angaliko katika nyika za Afrika Mashariki. Mnyama huyo huishi peke yake, na eneo lake hulitambua zaidi kwa harufu. Mashavuni na kidevuni paka ana tezi zitoazo harufu; ajisuguapo kwenye mguu wa meza, huacha hapo alama yake. Nyumba mpya haina hata alama moja ya namna hiyo, na kwa kiumbe mdogo kujificha ndiyo kinga pekee.

Kwa hiyo haifai kumfungulia nyumba nzima siku ya kwanza. Apewe chumba kimoja kidogo na boksi lililolazwa ubavu, ambamo kimetandikwa kitambaa alicholalia pamoja na mama yake. Kitambaa hicho kisifuliwe, kwani harufu yake ndiyo pekee anayoifahamu. Karai la mchanga liwekwe mbali na chakula. Mtu aketi sakafuni kimya na kumngoja aje mwenyewe. Akishaanza kula vizuri na kujisugua kwenye vitu, afunguliwe vyumba vingine; kutoka nje kungoje wiki mbili au tatu.

Asiletwe kabla ya kutimiza wiki 8. Katika miaka ya 1980, Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, alionyesha kuwa watoto wa paka wanaozoeshwa kushikwa na watu kati ya wiki ya 2 na ya 7 huwa wapole zaidi kwa binadamu. Basi sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mwenye paka mama, si ya ampokeaye mtoto.

Kuhusu chakula, desturi ya kumpa ugali na maziwa ya ng'ombe ina hatari. Paka aliyeachishwa ziwa hupungukiwa na uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, akaharisha. Na mwili mdogo hukaukiwa maji upesi. Ugali nao hauna taurini, kemikali ipatikanayo katika nyama na samaki. Mwaka 1975 ilibainika kwamba paka aikosaye huharibika retina ya jicho, na hatimaye hupofuka. Dagaa waliopikwa bila chumvi wala kitunguu, pamoja na mchuzi wao, humfaa zaidi.

Sumu ya panya iondolewe ghalani kabla hajafika, kwa kuwa panya aliyekula sumu aweza kumdhuru paka amlaye. Afikishapo miezi 3, apelekwe kwa daktari wa mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa.