Mabasi ya kasi yaja mtaani: Je, umetoa maoni yako?

Ukiwaona vijana wenye makoti ya kung'aa wakipima barabara karibu na kwenu, huku mmoja akichungulia kwenye chombo cha miguu mitatu na mwingine akichora alama nyekundu ukutani, usipite tu ukidhani hayo ni mambo ya serikali. Hayo ni mambo yako. Baada ya majuma kadhaa, karatasi moja itabandikwa kwenye afisi ya chifu ikiwaalika wakazi kutoa maoni kuhusu mradi. Siku ya mkutano watafika wazee wachache, wachuuzi wawili watatu na watoto waliofuata kipaza sauti. Kisha siku moja tingatinga litanguruma alfajiri, na hapo ndipo mtaa mzima utakapotoka nje kupiga kelele. Majuto ni mjukuu.

Jijini Nairobi, mpango wa mabasi yaendayo kwa kasi, maarufu kama BRT, umezungumzwa kwa miaka mingi. Mnamo mwaka 2017 iliundwa NaMATA, mamlaka ya kusimamia uchukuzi katika kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Njia zilizopangwa zilipewa majina ya wanyama wetu: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Simba ilipangiwa barabara ya Thika, nayo Chui ikakusudiwa kuwaunganisha wakazi wa Dandora na Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Basi la aina hii hupita kwenye njia yake pekee, ambayo matatu na magari ya kibinafsi hayaruhusiwi kuingia. Abiria hulipa nauli kituoni kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo huwa sawa na sakafu ya basi, hivyo hata aliye kwenye kiti cha magurudumu huingia bila kubebwa. Kwa mfanyakazi anayedamka saa kumi na moja ili afike kazini saa mbili, hiyo ni habari njema.

Hata hivyo, njia hiyo haishuki kutoka mbinguni. Ni lazima ipewe nafasi, na kando ya barabara zetu nafasi ina wenyewe. Yuko mama mboga anayesomesha watoto kwa kibanda kimoja, yuko fundi wa viatu, iko steji ya matatu na bodaboda, na kuna kijia ambacho wanafunzi hutumia kwenda shuleni. Je, hao wataenda wapi? Na kituo kikijengwa katikati ya barabara, nyanya yako mwenye maumivu ya goti atakifikia vipi? Maswali haya hayana budi kuulizwa wakati mradi ungali kwenye karatasi, kwa sababu mstari wa penseli hufutika lakini nguzo ya saruji haifutiki.

Mfano wa jirani zetu unatufaa. Jijini Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016 kwenye njia ya takriban kilomita 21, na safari ya kutoka Kimara hadi mjini ikawa fupi kuliko zamani. Lakini karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi. Kila mkazi wa pale alijua maji hupita wapi, kwani mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yamewahamisha watu wengi bondeni humo. Mvua kubwa ziliponyesha baada ya mabasi kuanza, karakana ilifurika mara kwa mara na huduma ikasimamishwa. Mhandisi ana vifaa vyake, lakini aliyeishi mahali kwa miaka thelathini ana elimu isiyopatikana kwenye ramani.

Nasi hapa nyumbani tulionja mwaka 2018. Kwanza mistari myekundu ilipakwa kwenye barabara ya Thika kutenga njia ya mabasi, hali mabasi yenyewe na vituo vyake havikuwapo. Mistari ikafifia, misongamano ikabaki. Kisha tarehe 3 Desemba mwaka huo, matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Maelfu ya watu wakatembea kwa miguu, wakiwemo wagonjwa na kina mama waliobeba watoto, na amri hiyo ikasitishwa upesi. Amri isiyotanguliwa na mashauriano ya kutosha huwarudia walioitoa.

Pengine utauliza, 'Mimi ni nani hata nisikilizwe?' Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, inautaja ushirikishaji wa umma kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nazo kanuni za mazingira za mwaka 2003 zilimtaka mwenye mradi mkubwa abandike mabango karibu na mahali pa mradi, atangaze gazetini na redioni kwa majuma mawili, na aitishe mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika.

Aidha, usikubali kuambiwa kuwa asiye na hatimiliki hana la kusema. Kifungu cha 40 kinaruhusu hata wanaokaa kwenye ardhi kwa nia njema, bila hati, kuwekewa mpango wa fidia ardhi hiyo inapochukuliwa. Haimaanishi kwamba kila kibanda kitalipwa, lakini mlango wa kuuliza uko wazi.

Ni vyema pia kuwa wakweli. Maoni yako si amri. Katika kesi ya makaa ya mawe ya Mui, iliyoamuliwa mwaka 2015, Mahakama Kuu ilieleza kwamba kushirikisha umma hakumpi mtu uwezo wa kuuzuia mradi kwa sababu tu haupendi. Lakini mahakama ilisisitiza pia kwamba wananchi wapewe habari za kutosha, na kwamba maoni yao yazingatiwe kwa dhati, si kwa kutimiza desturi tu.

Basi ukisikia mkutano umeitishwa, fanya hivi. Kwanza, omba kuona ramani na muhtasari wa mradi kabla ya siku yenyewe. Walio na watoto katika vyuo wawape kazi hiyo. Kijana aliyesoma asione haya kumfasiria baba yake maandishi ya kitaalamu. Pili, uliza mambo mahususi: kituo kitakuwa wapi, vivuko vitakuwa vingapi, nauli itapangwa na nani, wachuuzi watahamishiwa wapi, na makanga na madereva wa matatu watapata kazi gani. Anayesema 'hatutaki' husahaulika upesi. Anayesema 'sogezeni kivuko hadi kwenye lango la shule' huacha jambo la kujibiwa.

Tatu, andika maoni yako na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Nne, soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Sahihi ya kuonyesha kwamba umehudhuria si sahihi ya kukubali mradi, na mkanganyiko wa hayo mawili umewaponza wengi.

Zaidi ya hayo, usikubali kukodishwa na mwanasiasa kwenda kuvuruga mkutano. Atakulipa ujira wa siku moja, nawe utaishi kando ya barabara hiyo miaka yako yote.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Lakini kwenye kumbukumbu za mkutano wa hadhara, kimya hakina mshindo wowote. Huandikwa tu kwamba hakuna aliyepinga. Siku ya mkutano ikitangazwa, funga kibanda kwa saa mbili, mshike jirani mkono, mwende mkaseme.