Nambari Nasibu si Nambari Ovyo

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri wa maandishi ya kompyuta ni ile ya nambari ambayo hakuna awezaye kuitabiri. Wengine huiita nambari ya ovyo, wengine nambari ya kubahatisha. Majina yote mawili yana kasoro, na kasoro hiyo yaweza kumpotezea mwananchi fedha zake.

Tuchukue mfano wa mahindi ya Ufipa. Mkulima afikishapo magunia mia moja ghalani Sumbawanga, mkaguzi hachomi kila gunia kwa bambo, huchagua machache. Akichagua ovyo, yaani yale yaliyo karibu na mlango, mkulima mjanja ataweka hapo mahindi safi, na yaliyobunguliwa atayaficha nyuma. Uteuzi wa haki wataka kila gunia liwe na nafasi sawa ya kuchomwa, na asiwepo yeyote, hata mkaguzi mwenyewe, ajuaye mapema ni lipi litakalochomwa. Hiyo ndiyo nasibu. Ovyo ni tabia ya mtu asiyejali; nasibu ni utaratibu uliopangwa kwa uangalifu.

Neno kubahatisha limetumika mahali pake katika jina la Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, kwani abahatishaye ni mchezaji. Mtambo haubahatishi. Kura nalo lingefaa kwa asili yake, lakini limekwisha kutwaliwa na uchaguzi. Na kwa kuwa jina la Sumbawanga huelezwa na wengi kuwa ni "tupa uchawi", si vibaya kukumbusha kwamba nyota njema ya mtu haimo kabisa katika dhana hii.

Suala hili limekuwa zito zaidi katika bahati nasibu za blokucheni. Blokucheni ni daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, ambalo kurasa zake zimefungamanishwa hata ukurasa wa zamani hauwezi kubadilishwa pasipo kugundulika. Kila kitu humo ki wazi. Basi nambari isiyojulikana itatoka wapi? Baadhi ya waundaji walitumia alama ya utambulisho ya ukurasa ujao. Mwaka 2017 bahati nasibu ya SmartBillions, iliyoendeshwa katika blokucheni ya Ethereum, iliibiwa kwa njia hiyo. Programu za huko ziliweza kusoma alama za kurasa 256 za mwisho tu. Za nyuma zaidi zilisomeka sifuri. Mdukuzi alingoja, akajua jibu kabla ya droo, akachukua etha 400 hivi.

Njia mojawapo iliyo bora ni kila mshiriki kuteua nambari yake ya siri na kutangaza alama yake tu, mithili ya gunia lililoshonwa kabla mkaguzi hajafika. Tiketi zikisha kuuzwa, wote huonyesha nambari zao, nazo huchanganywa kupata moja. Aonaye atashindwa aweza kukataa kuonyesha, ndiyo sababu hutozwa dhamana mapema.

Kwa hatua hizo mbili tunapendekeza kufunga nambari na kufungua nambari. Ufunuo tumeliepuka, maana msomaji atadhani anasomewa Agano Jipya. Basi mtumishi anayeandika tangazo na aandike: "Nambari nasibu zilizofungwa na washiriki zitafunguliwa baada ya mauzo ya tiketi kufungwa, na kila mnunuzi ataweza kuzihakiki."