Leseni za baa: Hata asiyekunywa ana la kusema

Watu wengi hudhani leseni ya baa ni jambo la mwenye baa na afisa anayeitoa. Sivyo. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na Kifungu cha 196 kinaliagiza bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi linapotunga sheria.

Katika mji wa Isiolo, wakazi wengi ni Waislamu wasiogusa pombe, na baadhi yao huona hawana haja ya kufika mkutanoni kujadili kitu kilicho haramu kwao. Lakini mji huu pia una kambi za wanajeshi, wafanyabiashara, wageni na madereva wa malori yaendayo Marsabit na Moyale. Asiyekunywa huumia vilevile. Hugongwa na dereva mlevi, hupigwa nyumbani, au hufukuzwa shule kwa kukosa karo iliyoishia baa. Akikosa kufika, atakayesikika ni muuzaji peke yake.

Saa na umbali

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyojulikana kama "Sheria ya Mututho" kwa jina la aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, Bw. John Mututho, iliruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwisho wa juma na sikukuu. Ilikataza baa kuwa chini ya mita 300 kutoka shuleni, na pia kuwauzia walio chini ya miaka 18.

Masharti hayo yana maana kiafya. Ini huondoa pombe mwilini polepole. Chupa moja ya bia ya mililita 500 huchukua kama saa mbili, na kahawa, supu au kuoga maji baridi hakuharakishi kazi hiyo. Dereva anayeanza kunywa saa tatu usiku na kumaliza chupa sita atakuwa na pombe mwilini hadi karibu saa tatu asubuhi, ilhali lori liling'oa nanga alfajiri. Kila saa inayoongezwa usiku hulipwa barabarani asubuhi.

Kuhusu shule, ubongo wa kijana bado unakua, na anayeanza kunywa mapema yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuwa mtumwa wa pombe.

Je, zifungwe zote?

Wapo watakaodai baa zote zifungwe. Nia yao ni njema, lakini kufuli pekee haiponyi. Mlevi sugu anayeacha ghafla huweza kutetemeka, kuweweseka na hata kupata kifafa, anahitaji matibabu. Asipoyapata, atatafuta chang'aa vichochoroni, na hapo ndipo methanoli hujificha. Hii ni kemikali ya viwandani ambayo ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho na kuua. Novemba 2000 pombe ya aina hiyo iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi. Mei 2014 makumi walifariki Embu, Kitui na kwingineko, na Februari 2024 maafa yakarudi Kirinyaga.

Hata hivyo, kumpa leseni kila anayeomba si dawa. Baa zikiwa nyingi na karibu karibu, bei hushuka na watu hunywa zaidi.

Uliza haya

Ukisikia tangazo la kikao, soma mswada kwanza, kisha uulize: Kila wadi itakuwa na baa ngapi? Nani atapima umbali kutoka shuleni na madrasa? Nani atakagua pombe inayouzwa, na mara ngapi? Je, sehemu ya ada za leseni itatumika kuwatibu walevi katika hospitali zetu?

Toa maoni yako kwa maandishi, utaje mtaa na shule unayoizungumzia, na ubaki na nakala. Kusema "pombe ni mbaya" hakumsaidii mwandishi wa sheria. Kusema "baa hii iko mita 100 kutoka lango la shule" kunamlazimu ajibu.