Mafuta katika Ini na Ushahidi wa Damu: Tafakuri kutoka Bongwe, Kwale

Kiswahili kina majina mawili ya maradhi ya ini yanayofahamika na wengi: homa ya ini na homa ya manjano. La pili, kwa usahihi, ni la ugonjwa unaoenezwa na mbu, lakini aghalabu hutumiwa kwa kila hali inayoyageuza macho ya mgonjwa rangi. Majina yote mawili humzoesha msikiaji kungojea dalili: mwili upate joto, macho yapate umanjano. Ugonjwa unaojadiliwa katika makala haya hauna homa, na umanjano wake huja mwisho kabisa, ini likiwa limekwisha kuharibika. Mwenye nao hula, hulala na huenda kazini kama kawaida kwa miaka kumi au ishirini. Huu ni ugonjwa wa mafuta katika ini. Na kwa kuwa haujitangazi, hatari yake haina budi kutafutwa katika damu.

Bongwe ni kijiji cha Wadigo karibu na Ukunda na Diani, katika Kaunti ya Kwale. Maisha ya huko yamebadilika kama yalivyobadilika pwani nzima. Kazi ya hoteli na duka imechukua nafasi ya jembe kwa wengi, pikipiki imechukua nafasi ya miguu, na chai yenye sukari nyingi husindikizwa na mahamri au viazi karai asubuhi na jioni. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, asilimia 27 ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na wanaume 17.5. Mwili unaposhindwa kuitumia insulini ipasavyo, mafuta hukimbilia katika ini. Yakionekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake, ini hilo huhesabiwa kuwa na ugonjwa.

Hapo ndipo jina linapoleta fitina. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliwaeleza wagonjwa ambao maini yao yalifanana na ya walevi ilhali wao hawakuwa walevi. Tangu hapo ugonjwa ukaitwa kwa kukanusha: ugonjwa wa mafuta katika ini usiotokana na pombe. Bongwe wengi ni Waislamu, na mnazi hugemwa katika mashamba ya jirani. Mzee wa msikitini akiambiwa kwamba ini lake lina kasoro, anajua majirani watauliza nini, na kanusho lililomo katika jina halimwokoi. Kinyume chake, ndilo linalolileta neno pombe kikaoni. Yamkini wapo wanaokwepa kupimwa kwa kuchelea aibu hiyo tu. Mwezi Juni 2023 vyama vya wataalamu wa ini vya kimataifa viliacha jina la zamani na kuuita ugonjwa huu kwa chanzo chake, yaani hitilafu za umetaboli. Wanaotunga istilahi za Kiswahili wangefanya vyema kulifuata badiliko hilo mapema.

Ama kuhusu hatari yenyewe, ikumbukwe kwamba mafuta si hoja kubwa kama makovu. Nchini Uswidi wagonjwa 229 walifuatiliwa, baadhi yao hadi miaka 33, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kilichobashiri vifo vyao kwa nguvu zaidi kilikuwa kiwango cha makovu yaliyokwisha kujengeka katika ini walipopimwa mwanzoni. Tena sababu kuu ya vifo haikuwa ini: ilikuwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu.

Swali basi ni jinsi ya kuyajua makovu bila kulichoma ini sindano na kukata kipande chake. Wengi hutazama karatasi ya maabara, wakaiona herufi ALT, na wakiona namba iko katika kiwango cha kawaida hushusha pumzi. Hilo ni kosa. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyovuja kutoka katika seli zilizoumia. Vinaeleza jeraha la leo, si kovu la miaka. Kadiri makovu yanavyozidi, ALT yaweza hata kushuka. Ushahidi bora hupatikana kwa kuviunganisha vipimo. Kanuni iitwayo FIB-4, iliyotolewa mwaka 2006 kutokana na wagonjwa waliokuwa na virusi vya UKIMWI pamoja na virusi vya homa ya ini aina ya C, yahitaji mambo manne tu: umri, AST, ALT na idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Umri huzidishwa kwa AST. Jibu hugawanywa kwa zao la chembe sahani na kipeo cha pili cha ALT. Jibu likiwa chini ya 1.3, makovu makubwa hayatarajiwi. Likipita 2.67, mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu. La katikati lataka kipimo cha ugumu wa ini, ambacho hupatikana zaidi katika miji mikubwa.

Chembe sahani zimeingiaje humo? Ini lenye makovu huzuia damu kupita, bandama huvimba kwa shinikizo na kuzinasa chembe hizo. Lakini Kwale bandama ina sababu nyingine ya kuvimba, nayo ni malaria, ambayo pia huziangusha chembe sahani ghafla. Tuchukue mfano wa kubuni wa mama wa miaka 48 mwenye AST 30, ALT 36 na chembe sahani 240. Umri mara AST ni 1440. Kipeo cha pili cha 36 ni 6, na 6 mara 240 ni 1440. Jibu ni 1.0, hana wasiwasi. Mama huyohuyo akipimwa siku aliyolazwa kwa malaria, chembe sahani zikiwa zimeshuka hadi 80, jibu huwa 3.0. Ini halijabadilika hata chembe, lakini karatasi yamwelekeza kwa mtaalamu, pengine ng'ambo ya kivuko cha Likoni, kwa nauli ya kukopa na usiku kadhaa bila usingizi. Kwa hiyo hesabu hii haifai kufanywa wakati wa homa. Na kadi ya mgonjwa yapaswa kuonyesha malaria ya mwisho ilikuwa lini.

Umri nao una hila yake. Kwa walio chini ya miaka 35 kanuni hii haiaminiki sana, na kwa waliopita 65 mpaka wa chini hupandishwa hadi 2.0, la sivyo karibu kila mzee angeonekana mgonjwa.

Kwa anayekutwa na mafuta lakini hana makovu, vipimo vinavyofuata si vya ini bali vya sukari, lehemu na shinikizo la damu, kwa kuwa moyo ndio ulio hatarini zaidi. Nchini Cuba wagonjwa 293 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja wakibadili chakula na mazoezi, bila dawa. Miongoni mwa waliopunguza asilimia 10 ya uzito wao au zaidi, asilimia 45 makovu yao yalirudi nyuma. Dawa ya kwanza mahsusi, resmetiromu, iliidhinishwa Marekani mwezi Machi 2024, na bei yake iko mbali mno na mfuko wa mkulima wa Bongwe. FIB-4 hurudiwa kila baada ya mwaka mmoja hadi miwili kwa mwenye kisukari, na miwili hadi mitatu kwa asiye nacho.