Kombe, Kura na Bahasha



Siku moja baada ya ibada, kijana mmoja anayechimba zahabu upande wa Mongbwalu aliningojea mlangoni. Akaniuliza: "Pasta, juu ya nini Kombe la Afrika haijachezwa hata mara moja kwetu Kongo? Uganda ni jirani yetu tu, na wao wameipata. Ni nani anachaguaka?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani. Mwezi huu nataka kulijibu vizuri, kwa ajili yake na kwa ajili ya vijana wote wanaopenda mpira. Na nikilijibu kwa kweli, itabidi niseme pia neno juu yangu mwenyewe.

KOMBE LILILOTUPITA

Wengi hawajui kwamba Kombe la Afrika la mwaka 1994 lilikuwa limepewa nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire. Halikufika. Mwezi wa Septemba 1991 askari walipora Kinshasa na miji mingine, na Januari 1993 wakapora tena. Nchi ilikuwa imevurugika. Kombe likahamishwa Tunisia, na vijana wetu wakaenda huko kama wageni. Walitoka sare 1-1 na wenye nyumba, wakaifunga Mali 1-0, kisha Nigeria ikawatoa kwa 2-0.

Lakini mbele ya hapo nchi yetu ilikuwa imekwisha kupokea jambo kubwa la michezo. Wazee wetu wanakumbuka tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipompiga George Foreman mjini Kinshasa. Ili wapigane kwetu, kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Prezida Mobutu alitaka dunia yote itaje jina la Zaire, na jina lake pia. Mwaka ule ule timu yetu ya mpira ilikwenda kwenye Kombe la Dunia huko Ujerumani. Scotland iliifunga 2, Yugoslavia 9, Brazil 3. Baadaye wachezaji wenyewe walisimulia kwamba feza walizoahidiwa hazikuwafikia mikononi.

Ndugu zangu, tuangalie vizuri hapo. Feza za kuonyesha ukubwa zilipatikana. Feza za wale wanaokimbia uwanjani hazikupatikana. Kupokea michezo ni jambo jema, lakini tukiangalia nani anafaidika, mara nyingi tunakuta mkubwa anatangulia na mchezaji anabaki nyuma.

WATU 24 KATIKA CHUMBA KIMOJA

Sasa, ni nani anachagua? Kwa Kombe la Dunia, kwa miaka mingi ilikuwa komite ndogo ya FIFA yenye watu 24. Hebu fikiri: nchi zaidi ya mia mbili zinacheza mpira, lakini watu 24 wanakaa katika chumba kimoja kule Zurich, nchi ya Uswisi, na kura yao ni ya siri. Anayetaka Kombe hana haja ya kupendeza dunia yote. Akipata watu 13, inatosha.

Tarehe 15 Mei 2004 Afrika ya Kusini ilipata kura 14, Morocco 10, Misri haikupata hata moja. Sisi Waafrika tulifurahi sana, maana Kombe la 2010 lilikuwa la kwanza kuchezwa katika bara letu. Mimi pia nilifurahi. Lakini mwaka 2013 Mmarekani mmoja aliyekuwa katika ile komite, Chuck Blazer, alikubali makosa yake mbele ya hakimu. Alisema yeye na wengine walikubali kupokea hongo kwa ajili ya kuchagua Afrika ya Kusini. Tena alisema kulikuwa pia na hongo katika mambo ya Kombe la 1998. Mwaka 2015 watu wa sheria wa Marekani walitaja dola milioni 10 zilizopitia FIFA mpaka kwenye konti za Jack Warner, mkubwa wa mpira wa Karaibi. Serikali ya Afrika ya Kusini ilikana. Ilisema zile feza zilikuwa msaada wa mpira kwa watu wa asili ya Afrika wanaoishi kule visiwani. Warner naye alikana, lakini FIFA ilimfukuza katika mpira kwa maisha yake yote.

Shikeni neno hilo: msaada. Tutalikuta tena.

Mwezi wa Oktoba 2010 waandishi wa gazeti moja la Uingereza walijifanya wafanyabiashara. Wakamwendea Amos Adamu wa Nigeria, mmoja wa wale 24. Walitangaza kwamba aliomba dola 800.000 za kujenga viwanja vinne vya mpira kwao, na feza zipitie kwake mwenyewe. FIFA ilimfungia miaka mitatu. Mwenzake mmoja kutoka Tahiti akasimamishwa pia kwa ajili ya mambo ya gazeti lile. Basi tarehe 2 Desemba 2010 waliobaki 22 walipiga kura. Urusi ikapata Kombe la 2018, na Qatar ikaishinda Marekani 14 kwa 8 kwa Kombe la 2022. Mwaka 2020 watu wa sheria wa Marekani waliandika kwamba katika kura hizo pia kulikuwa na waliohongwa. Urusi na Qatar zote zilikana.

AHADI BILA UWANJA

Na kwetu Afrika? Mwezi wa Septemba 2014, komite ya CAF iligawa Makombe matatu kwa siku moja: 2019 Kameruni, 2021 Cote d'Ivoire, 2023 Guinea. Ona mambo yalivyokwenda. Novemba 2018 Kameruni ilinyang'anywa kwa sababu haikuwa tayari, na Misri ikapokea mahali pake. Kameruni ikasukumwa mpaka 2021, Cote d'Ivoire mpaka 2023, Guinea mpaka 2025. Mwaka 2022 Guinea nayo ikanyang'anywa.

Kenya ilipata aibu hiyo mara mbili. Kombe la 1996 lilitoka kwao likaenda Afrika ya Kusini. Mwaka 2017 walinyang'anywa CHAN ya 2018, ile ya wachezaji wa nyumbani, ikaenda Morocco.

Sisemi kwamba kila mahali hapo kulikuwa na hongo. Siwezi kumsingizia mtu. Nasema tu kwamba ahadi ilitangulia uwanja. Wakubwa walipeana mikono, picha zikapigwa, na kazi ya kuangalia kama majani yameota ikaachwa kwa kesho.

Lakini mtu anaweza kujifunza. Mwezi wa Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania walipokea CHAN pamoja, baada ya kuisogeza kutoka Februari ili wamalize kazi. Kenya ilitufunga 1-0, tuwapongeze. Na Kombe la Afrika la 2027 walipewa hao watatu tarehe 27 Septemba 2023. Kwa ajili yake Uganda ilianza kujenga uwanja wa watu 20.000 kule Hoima, ng'ambo ya Ziwa Albert. Wengi wetu tuna jamaa waliokimbilia upande ule wakati wa vita.

BAHASHA YANGU

Sasa nakuja kwa neno langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika komite ya watu saba iliyochagua mahali pa mashindano ya Pasaka ya vijana wa makanisa. Makanisa mawili yaliomba kupokea. La kwanza ni la wakulima. Uwanja wao ulikuwa wa shule, sawasawa na wenye majani, lakini mfuko wao ulikuwa mtupu. La pili liko karibu na chimbo. Uwanja wao ulikuwa juu ya udongo uliorudishwa kwenye mashimo ya zamani.

Kule kwenye chimbo kulikuwa mwenye shimo mmoja, PDG kama tunavyowaita. Mwaka ule alikuwa anatafuta kuchaguliwa deputé. Alitaka vijana wa makanisa yote wafike kwake, wale kwake, na wasikie jina lake.

Usiku mmoja alifika nyumbani kwangu. Tulizungumza juu ya Mungu, juu ya mvua, juu ya bei ya zahabu. Wakati wa kuaga akaweka bahasha juu ya meza. "Pasta, hii ni mafuta ya piki tu, na sukari ya watoto. Usiwaze mingi." Ndani mlikuwa dola 50. Juma lile mtoto wetu alikuwa amerudishwa kutoka shuleni juu ya feza za masomo.

Niliipokea. Nilijiambia: si hongo, maana sijaahidi kitu. Ni msaada. Tulipopiga kura, chimbo lilipata tano na wakulima mbili. Moja ya zile tano ilikuwa yangu.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka mvua ilinyesha sana. Katika mechi ya pili udongo ulititia karibu na goli. Kijana wa miaka 16 alizama mguu mpaka kwenye goti, na mfupa ukavunjika. Tulimpeleka Bunia juu ya piki, akilia njia yote. Mama yake alitukuta hospitalini. Hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja: "Pasta, mulifikaka kuangalia hii fasi mbele ya kuichagua?"

Hatukufika. Watu saba, hakuna hata mmoja aliyekwenda kukanyaga ule udongo.

Yule PDG alilipa hospitali, na watu wakamsifu. Kijana alipona, anatembea, lakini hachezi mpira tena. Nilipomweleza mke wangu habari ya bahasha, alinyamaza sana, halafu akasema: "Kumbe mtoto wetu alisoma kwa mguu wa mtoto wa mwenzetu." Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikaungama. Tuliuza mbuzi wawili na vitu vingine, tukapeleka dola 50 kwa yule mama. Wazee waliniondoa katika komite kwa mwaka mzima. Walifanya vema.

GEHAZI NA SAMWELI

Neno la Mungu linatuonyesha watu wawili. Katika 2 Wafalme 5, Naamani aliponywa ukoma, na Elisha akakataa zawadi zake. Lakini Gehazi, mtumishi wake, alimkimbilia Naamani nyuma akasema uongo mzuri: wageni wamefika, wanahitaji msaada. Hakusema "nataka feza". Alisema "kuna wenye haja". Alirudi na feza na nguo, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Gehazi wa leo anasema "viwanja vinne", anasema "sukari ya watoto".

Wa pili ni Samweli. Katika 1 Samweli 12, akiwa mzee, alisimama mbele ya taifa lote akauliza kama kuna mtu ambaye alimnyang'anya ng'ombe au punda, au ambaye alipokea kitu mkononi mwake ili afumbe macho. Watu walijibu kwamba hakuna. Mimi nisingeweza kuuliza swali hilo mwaka ule. Je, wewe unaweza?

Ninyi wa machimbo mnajua mizani. Mnunuzi akigusa sahani kidogo tu kwa kidole, kazi ya juma zima inapotea, na mchimbaji haoni. Kura ya siri iliyonunuliwa ni kidole kile kile. Mithali 11:1 inatuambia Mungu anachukia mizani ya namna hiyo.

TUFANYE NINI?

FIFA ilibadilisha kanuni, na sasa mataifa yote yanapiga kura. Tarehe 13 Juni 2018 Marekani, Kanada na Meksiko waliishinda Morocco 134 kwa 65 kwa Kombe la 2026, na kila mtu aliona nani alichagua nani. Hiyo ni hatua. Lakini Desemba 2024 Saudi Arabia ilipewa Kombe la 2034 kwa makofi tu, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeomba. Kanuni nzuri zinasaidia, lakini hazibadilishi moyo wa mtu.

Katika mashindano yetu ya Pasaka tulikubaliana mambo manne. Komite inakwenda kwanza kukanyaga uwanja. Kura inapigwa mikono juu, na kila mmoja anasema sababu yake. Mtu wa kanisa linaloomba hapigi kura. Na aliyepewa kitu chochote, hata kuku, anakitaja mbele ya wote. Mwaka uliofuata wakulima walipokea. Chakula kilikuwa maharagi na mihogo. Hakuna aliyevunjika.

Kijana wangu wa Mongbwalu, hilo ndilo jibu langu. Kombe la Afrika litafika Kongo siku moja, naomba Mungu tulione. Lakini wale watakaolipokea wako sasa katika komite zetu ndogo, za kanisa, za shule na za chimbo. Kile wanachozoea huku kwa dola 50, watakifanya kule kwa milioni 10.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Kuna tofauti gani kati ya zawadi na hongo? Tunaijuaje wakati feza zinahitajika sana nyumbani?

2. Someni 2 Wafalme 5:20-27. Gehazi alijificha nyuma ya maneno gani?

3. Katika kanisa au kikundi chenu, ni uchaguzi gani unafanywa na watu wachache kwa siri? Mnaweza kuuleta namna gani mbele ya wote?