Irabu Fupi za Kiingereza: Tuanze na E na O

Mtoto aliyekwisha kusoma kwa Kiswahili ana mtaji mkubwa. Irabu zake ni tano, herufi zake tano, na hakuna inayomgeuka: a ya "baba" ndiyo a ya "samaki". Akishaziweza ba, be, bi, bo, bu, anatamka hata neno asilolijua. Kiingereza kinapoingia darasani herufi zinabaki zilezile tano, lakini sauti za irabu zinafika kama 20. Hata wenye lugha yao inawatoa jasho. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 uliwapima watoto waliokuwa wakimaliza mwaka wa kwanza wa shule: wa Finland na Ugiriki walisoma sawasawa zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida, wa Scotland asilimia 34 hivi.

Mpangilio wa kufundisha herufi za Kiingereza unaotumika sana huanza na s, a, t, p, i, n, kwa kuwa herufi hizo huunda maneno mengi mafupi upesi. Ila ulitungwa kwa watoto ambao masikio yao yamekwisha kuzoea Kiingereza. Kwa mtoto wa Tanga au Mombasa, a ndiyo irabu fupi ngumu kuliko zote, nasi tunamtwisha siku ya kwanza.

Ushahidi umo kinywani mwetu. Tunasema benki, bendi na gesi, lakini basi na kabati. Waliotuletea maneno hayo waliyapokea kwa sikio: a fupi ya "bank" wakaisikia karibu na e yetu, u fupi ya "bus" wakaisikia kama a. Mtoto wa leo hukutana na neno ubaoni kwanza. Akiona "bad" anatoa a ya "baba", na Mwingereza atasikia "bud". Mwalimu akilitamka bila kuliandika, mtoto yuleyule anasikia "bed". Sikio linamvuta huku, jicho kule.

Ndiyo maana napendekeza tuanze na e na o. "Pen", "ten", "dog" na "pot" hazidai irabu ngeni. Mtoto anajifunza jambo moja tu, kulifunga neno kwa konsonanti, asiseme "teni" wala "poti". Kisha i: sauti yetu ya "pita" iko karibu zaidi na "sheep", kwa hiyo kwa "ship" aulegeze ulimi kidogo na kuikata mapema.

A ije baadaye, na ianze bila chaki. Mwalimu anatamka "ten, ten, tan". Watoto wanasimama sauti inapobadilika. Wakishalizoea zoezi hilo, kila mmoja anaweka mgongo wa mkono chini ya kidevu, anasema "bed", halafu "bad". Ncha ya ulimi inabaki nyuma ya meno ya chini, lakini katika neno la pili taya linashuka zaidi na kuusukuma mkono. Akiuhisi msukumo huo, ameipata. Hapo ndipo herufi iandikwe.

U ya "sun" na "cut" mdomo unaiweza, kwani haiko mbali na a yetu ikikatwa fupi; kinachopingana nayo ni jicho. Irudiwe sana kwa kusoma. "Put", "push" na "full" zina sauti nyingine na ni chache, basi zisubiri wiki nyingine, zifundishwe kama maneno ya kukariri.