Fahamu: ‘Dubious’, mashaka ya nani?

Habari za Kiingereza kuhusu mikataba yenye utata hazikosi neno ‘dubious’. Kivumishi hiki kimo katika Kiingereza tangu karne ya 16, na asili yake ni Kilatini: ‘dubius’, anayeyumba huku na huku, neno lenye undugu na ‘duo’, yaani mbili. Ndugu yake ‘doubt’ alipitia Kifaransa bila herufi b. Wasomi waliichomeka baadaye ili afanane na Kilatini, ingawa haitamkwi. Ujuaji tu!

Kwenye matumizi ndiko watu hujikwaa. “I’m dubious about the deal”: msemaji ndiye mwenye mashaka. “A dubious deal”: dili lenyewe linanuka. Nayo “dubious honour” ni kejeli, mfano timu inayoongoza ligi kwa kadi nyekundu.